Kutoka Chuma cha Moto hadi Mashine ya Figo



Familia nyingi siku hizi zina mgonjwa, au zinamjua jirani, ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Mgonjwa huyo huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hukaa kando ya mashine, damu yake hutoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mrija mwingine, na baada ya saa nne hivi hurejea nyumbani akiwa amechoka. Watu wa nyumbani hujua nauli, hujua gharama, na hujua siku za zamu yake. Lakini ni wachache wanaouliza: ndani ya mashine ile kuna nini hasa? Damu inasafishwa na kitu gani?

Jibu lake huwashangaza wengi. Ndani ya chujio hamna dawa inayoua sumu. Mna utando mwembamba tu, damu ikipita upande mmoja na maji yenye chumvi maalumu yakipita upande wa pili. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kanuni moja ya maumbile, nayo iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtu ambaye hakuwa daktari wala hakuwa akifikiria damu. Alikuwa akichunguza jinsi joto linavyopita ndani ya chuma.

Katika vyuo vya uhandisi kuna somo zima linalotokana na kanuni hiyo. Somo hilo linahusu uhamaji wa vitu vitatu: uhamaji wa joto, uhamaji wa maada (kama chumvi ndani ya maji), na uhamaji wa mwendo ndani ya vimiminika na gesi. Wanafunzi wengi huliogopa kwa sababu ya wingi wa hesabu zake. Katika makala hii tutaifuata historia ya elimu hiyo mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa, ili mzazi afahamu kinachofanyika kwa mtu wake, na mwanafunzi aone zile hesabu zilikuwa za nini.

Mwana wa fundi cherehani

Joseph Fourier alizaliwa mwaka 1768 katika mji wa Auxerre, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Akiwa angali mtoto mdogo alifiwa na mama, kisha na baba, akasomeshwa kwa msaada wa watu waliokiona kipaji chake. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alitiwa jela mwaka 1794, na kidogo tu auawe.

Mwaka 1798 alichukuliwa pamoja na wanachuoni wengine kufuatana na jeshi la Napoleon lililoivamia Misri. Huko Cairo akawa katibu wa taasisi ya elimu iliyoundwa na Wafaransa. Wamisri hawakuukubali uvamizi huo, na mwaka 1801 Wafaransa waliondoka. Fourier alirudi kwao akapewa kazi ya kuwa mkuu wa jimbo la Isère, makao yake yakiwa Grenoble. Ni katika miaka hiyo, katikati ya mafaili ya serikali na ujenzi wa barabara, ndipo alipokaa kuchunguza joto.

Wakati huo wanachuoni walikuwa wakibishana joto ni kitu gani. Wengine walisema ni kimiminika kisichoonekana, wengine walisema ni mtikisiko wa chembe. Fourier aliuweka kando ubishi huo na akauliza swali jingine: joto linakwendaje? Ukiweka ncha moja ya chuma motoni, joto linafikaje kwenye ncha ya pili, na kwa kiasi gani?

Jibu lake, tukiliweka kwa lugha nyepesi, ni hili. Joto hutoka palipo na moto zaidi kwenda palipo na baridi zaidi, na kiasi kinachopita kinalingana na tofauti iliyopo. Tofauti ikiwa mara mbili, joto linalopita ni mara mbili. Ukuta wa kupita ukiwa mnene mara mbili, joto linalopita ni nusu. Kinachosukuma ni tofauti. Tofauti ikiisha, uhamaji unakoma.

Fourier alipeleka kazi hiyo mjini Paris tarehe 21 Desemba 1807. Miongoni mwa waliopewa kuikagua alikuwamo Lagrange, mwanahesabu aliyeheshimiwa kuliko wote, naye hakuzikubali hesabu zake. Fourier aliiandika upya, akapewa zawadi, lakini hata hapo wakaguzi walitia dosari zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya kazi ya kwanza.

Kutoka joto hadi chumvi

Adolf Fick alikuwa kijana wa Kijerumani aliyefundisha elimu ya mwili wa binadamu huko Zürich. Alitaka kujua vitu vinapitaje kwenye tando za mwili. Alikuwa amesoma vipimo vya mwanakemia wa Uskoti, Thomas Graham, aliyepima jinsi chumvi mbalimbali zinavyosambaa ndani ya maji yaliyotulia. Vipimo vilikuwa vingi, lakini kanuni ya kuviunganisha haikuwapo.

Mwaka 1855 Fick alitoa wazo jepesi lakini la kijasiri. Alisema chumvi ndani ya maji inafuata njia ileile ya joto ndani ya chuma. Badala ya tofauti ya joto, weka tofauti ya ukolezi. Hesabu za Fourier zibaki kama zilivyo. Kisha akalijaribu wazo lake: aliweka chumvi chini ya bomba lililosimama, juu yake maji safi, akapima ukolezi katika kila kina. Ulipungua hatua kwa hatua kutoka chini hadi juu, kama kanuni ilivyotabiri.

Mfano wake uko jikoni kwetu. Tia sukari kwenye chai bila kukoroga. Sukari itayeyuka chini, na chai ya juu itabaki chungu kwa muda mrefu. Hapa kuna jambo kubwa la kuzingatia: uhamaji wa aina hii ni wa haraka sana katika umbali mdogo, na wa polepole mno katika umbali mkubwa. Umbali ukizidi mara 10, muda huzidi mara 100. Chembe ndogo kama ya yurea, ambayo ni taka inayotolewa na figo, huchukua takriban dakika 8 kusafiri milimita 1 ndani ya maji yaliyotulia. Sentimita 1 huichukua saa 14 hivi. Sentimita 10 ni karibu miezi miwili!

Ndiyo maana ndani ya mwili seli nyingi hai haziko mbali sana na mshipa mdogo wa damu. Na ndiyo maana, kama tutakavyoona, chujio la mashine ya figo lazima liwe na njia nyembamba mno.

Mwaka 1861 Thomas Graham aliongeza hatua nyingine. Alichukua karatasi maalumu ya ngozi itengenezwayo kwa mimea, akaifanya utando, akaona kwamba vitu vya chembe ndogo kama chumvi na sukari vinapita, lakini vitu vizito kama gundi vinabaki. Aliweka hata mkojo juu ya utando huo, na yurea ikapita kuingia kwenye maji. Njia hiyo ya kutenganisha vitu aliipa jina linalotumika mpaka leo hospitalini: dayalisisi. Yeye alikuwa mwanakemia, na hakuitumia kwa mgonjwa yeyote.

Daktari kijana wa Uholanzi

Kati ya elimu na tiba ilipita miaka mingi. Mwaka 1913 John Jacob Abel na wenzake huko Baltimore, Marekani, waliipitisha damu ya mbwa hai kwenye mirija ya utando, wakizuia isigande kwa dawa iliyotolewa kwa ruba. Mwaka 1924 Georg Haas wa mji wa Giessen, Ujerumani, alijaribu kwa binadamu, lakini uwezo wa kifaa chake ulikuwa mdogo na muda mfupi. Vilikosekana vitu viwili: utando wa kutegemewa, na dawa salama ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo, heparini, ilipatikana kwa matumizi ya hospitali katika miaka ya 1930. Utando ukatoka mahali pasipotarajiwa, kwenye viwanda vya soseji, ambako nyama ilifungwa ndani ya mirija ya selofeni.

Mwaka 1938 daktari mmoja kijana, Willem Kolff, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groningen, Uholanzi. Chini ya uangalizi wake alikuwamo kijana wa miaka 22, mtoto wa familia ya wakulima, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa. Alipoteza uwezo wa kuona, akatapika, akafa polepole. Kolff ndiye aliyelazimika kumweleza mama yake kwamba hakuna la kufanya.

Jambo hilo halikumtoka. Alipiga hesabu: kama angeweza kumtoa yule kijana gramu 20 hivi za yurea kila siku, huenda angeishi. Basi akachukua kipande cha mrija wa selofeni, akatia damu kidogo iliyochanganywa na yurea, akakitikisa ndani ya maji ya chumvi. Muda si mrefu yurea ilikuwa imetoka karibu yote. Kilichobaki ni swali la kihandisi: utando wa eneo gani, damu kiasi gani, maji kiasi gani, na kwa saa ngapi?

Vita vikaingia. Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Mkuu wa idara yake, aliyekuwa Myahudi, alijiua, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu wa chama cha Hitler. Kolff alikataa kufanya kazi chini yake, akahamia hospitali ndogo ya mji wa Kampen. Huko, wakati kila kitu kilikuwa adimu, alishirikiana na Hendrik Berk, mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo vya enameli. Walitengeneza pipa la kulala lililozungushiwa makumi ya mita za mrija wa selofeni, nusu yake likiwa ndani ya beseni kubwa la maji ya chumvi. Pipa lilipozunguka, damu ilitanda nyembamba ndani ya mrija, na maji ya nje yakachafuka daima, kwa hiyo tofauti ya ukolezi haikufifia mapema. Ni ile chai ya sukari, safari hii ikikorogwa.

Mgonjwa aliyefuata

Machi 1943 Kolff alianza kumtibu kwa mashine hiyo mwanamke wa miaka 29. Kila mara baada ya kusafishwa damu alipata nafuu. Lakini kila mara mshipa mpya ulipaswa kukatwa, na baada ya mara 12 mishipa ya kutumia ikawa imekwisha. Alifariki. Waliomfuata nao wakafariki, mmoja baada ya mwingine, hata ikawa karibu wote wa mwanzo wamekufa. Wengi waliletwa wakiwa tayari ukingoni mwa kaburi.

Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, aliletwa mwanamke wa miaka 67 akiwa hana fahamu. Alitolewa gerezani. Alikuwa amefungwa kwa kushirikiana na Wajerumani waliokalia nchi, na katika mji ule walikuwapo watu ambao wangefurahi afe. Kolff mwenyewe alikuwa amewapinga wavamizi hao na kusaidia kuwaficha waliosakwa. Lakini kwake mgonjwa alikuwa mgonjwa. Akamuunganisha na mashine. Baada ya saa 11 mwanamke yule alifumbua macho na kusema. Figo zake zilirudi kufanya kazi, akaishi miaka kadhaa baadaye. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye tunaweza kusema bila shaka kwamba mashine ya figo ilimwokoa.

Kolff hakujiwekea haki ya kumiliki uvumbuzi wake. Baada ya vita alizitoa mashine zake kwa hospitali za nchi nyingine ili wengine wajifunze. Mwaka 1950 alihamia Marekani, akaendelea na kazi ya viungo bandia mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2009, siku chache kabla ya kutimiza miaka 98.

Mwaka 1960

Mashine ya Kolff iliwafaa wale ambao figo zao zingepona baada ya siku chache. Waliokufa figo moja kwa moja hawakuwa na tumaini, kwa sababu ya ile shida ya mishipa. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alitengeneza mrija mdogo wa Teflon uliobaki mkononi mwa mgonjwa, ukiunganisha ateri na vena. Kila siku ya matibabu uliunganishwa na mashine bila kukata mshipa mpya. Ghafla ugonjwa wa kufa ukawa ugonjwa wa kuishi nao.

Mwaka huohuo wa 1960, walimu watatu wa uhandisi kemia katika chuo kikuu cha Wisconsin, Bird, Stewart na Lightfoot, walichapisha kitabu kilichokusanya mambo ya joto, maada na mwendo katika somo moja. Walionyesha kwamba hesabu za vitu hivi vitatu zina sura moja, na anayejua moja amekwisha kulijua jingine kwa sehemu kubwa. Kile alichokifanya Fick kwa kukopa kwa Fourier sasa kilifundishwa darasani kama njia ya kufikiri.

Uhandisi huo ulihitajika haraka, maana wagonjwa walikuwa wengi na mashine chache. Huko Seattle iliundwa kamati ya watu saba kuamua nani atibiwe na nani aachwe. Waliangalia umri, kazi, familia na mwenendo wa mtu. Jarida moja kubwa la Marekani lilipoieleza kamati hiyo mwaka 1962, watu wengi walishtuka. Ni nani mwenye mizani ya kupima uhai wa mwanadamu?

Scribner alimwendea Albert Babb, profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha Washington. Babb na wenzake walitengeneza mtambo wa kuchanganya maji ya kusafishia na kuwagawia wagonjwa kadhaa kwa pamoja. Kisha ukaja mtihani wa karibu zaidi: binti wa rafiki yake, mwanafunzi wa shule, aliugua figo, na kamati haikumpa nafasi. Babb na mafundi wake walifanya kazi mbio, na mwaka 1964 binti huyo akaanza kutumia mashine ndogo iliyowekwa nyumbani kwao. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya serikali kugharimia matibabu hayo kwa karibu wagonjwa wote wa figo, na kamati za namna ile zikakosa kazi.

Ndani ya chujio la leo

Chujio la leo ni bomba la plastiki linaloweza kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake mna nyuzi 10,000 hivi zenye tundu katikati, kila tundu likiwa na upana wa takriban sehemu 2 za 10 za milimita. Damu hupita ndani ya nyuzi, maji ya kusafishia hupita nje yake yakielekea upande wa pili. Kwa kuwa vinapishana, kila mahali damu inakutana na maji yaliyo masafi kuliko yenyewe, na tofauti inayosukuma taka inabaki tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa nini nyuzi ni nyembamba hivyo? Kumbuka zile dakika 8 za milimita 1.

Lakini wembamba una gharama yake. Daktari wa Kifaransa, Poiseuille, aligundua katika miaka ya 1840 kwamba upana wa mrija ukipunguzwa nusu, kinachopita kwa msukumo uleule hushuka hadi sehemu 1 ya 16. Uzi mmoja usingeweza kupitisha damu ya kutosha, ndiyo maana ni maelfu kwa pamoja. Maji ya ziada mwilini hutolewa kwa msukumo huohuo, yakipenyezwa kwenye utando. Na maji ya kusafishia hupashwa hadi karibu nyuzijoto 37, ili damu isirudi mwilini ikiwa baridi. Joto, maada na mwendo: somo zima liko ndani ya bomba moja.

Faida kwa familia

Kwanza, saa nne si urasimu wa hospitali. Yurea haikai katika damu peke yake, imetapakaa katika maji yote ya mwili. Damu ikisafishwa, taka iliyo ndani ya nyama huhamia kwenye damu taratibu, na uhamaji huo hauharakishwi kwa kuomba. Anayekatisha muda hurudi na taka nyumbani.

Pili, usafi wa maji ni jambo la uhai. Kwa mwendo wa kawaida wa mililita 500 kwa dakika, mgonjwa hukutana na lita 120 za maji katika saa nne. Utando hauchagui mwelekeo: kitu kibaya kilicho kingi upande wa maji kitaingia kwenye damu kwa kanuni ileile.

Tatu, kipimo cha uzito kabla na baada ya matibabu ndicho kinachoonyesha maji kiasi gani yatolewe. Mgonjwa anayeambiwa asinywe maji mengi haonewi. Anapunguziwa mzigo wa saa zile nne.

Hitimisho

Ndugu msomaji, kanuni ya Fourier haimjui tajiri wala maskini, rafiki wala adui. Palipo na tofauti inafanya kazi, kwa yule mfungwa wa mwaka 1945 kama kwa binti wa Seattle. Mlango wa chumba cha mashine ndio wenye bawabu, na mara nyingi bawabu huyo ni fedha. Hesabu za maumbile zilimalizwa na watu wa zamani. Hesabu ya nani apate nafasi bado iko mikononi mwetu, katika michango ya jamaa, katika bima, na katika sera za nchi zetu.

Ama wewe mwanafunzi, siku utakapokutana na somo la uhamaji wa joto na ukajiuliza lina faida gani, mkumbuke yule mama wa Groningen aliyeambiwa kwamba hakuna la kufanya. Leo mama kama yeye huambiwa: mlete Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowahudumia.